Mama wa Kambo wa Ayodhya

Katika kasri ya mfalme Dasharatha palikuwa na chumba maalumu cha malkia aliyekasirika. Ndivyo usimuliavyo utenzi wa Ramayana. Malkia akiudhiwa aliingia humo, akavua vito vyake na kuvitupa, akalala chini pasipo tandiko. Na mfalme akimkuta katika hali hiyo alijua kwamba pana jambo. Humo ndimo alimolala Kaikeyi, mke kijana aliyependwa kuliko wenziwe, usiku wa kuamkia siku ya kutawazwa Rama, mwana wa mke mwenziwe. Ilipoingia alfajiri mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Rama alitakiwa kwenda kuishi msituni miaka 14, Bharata mwana wa Kaikeyi apewe kiti, na mzee Dasharatha, ambaye hakuweza kuivunja ahadi yake wala kuishi nayo, alikuwa amebakiza siku chache tu za uhai.

Tangu usiku huo, kwa zaidi ya miaka elfu mbili, Kaikeyi amekuwa mama wa kambo wa Bara Hindi nzima. Ni nadra mzazi kumpa binti yake jina hilo. Na hata katika pwani hii, ambako Wahindu wa Unguja na Mombasa wamesimuliana kisa hicho kwa vizazi, na ambako filamu za Kihindi ziliwafunza watu wengi kuimba maneno wasiyoyaelewa, sura yake si ngeni: mke mwenza mwenye wivu, anayesubiri taa izimwe ndipo amnong'oneze mume. Hadithi zetu za jioni zimejaa wanawake wa aina hiyo, wala hakuna msimulizi aliyepata kuulizwa walizaliwa wapi na nani aliyewalea.

Swali hilo ndilo aliloliuliza Vaishnavi Patel, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Kihindi, katika riwaya yake ya kwanza, Kaikeyi, iliyotoka mwaka 2022. Ni riwaya ya zama za kale iliyochanganywa na mambo ya ajabu. Miungu wamo, mashetani wamo, na mashujaa wanapanda magari ya vita. Lakini sehemu yake kubwa haihusu usiku ule wa Ayodhya. Inahusu miaka iliyoutangulia: binti pekee wa mfalme wa Kekaya, ndugu yao wavulana saba, ambaye siku moja anaambiwa kuwa mama yake ameondoka na hatarudi. Kaikeyi mwenyewe ndiye anayesimulia, tangu kuzaliwa kwake. Msomaji anakua pamoja naye, anajifunza naye kupanda farasi na kushika silaha, anaozwa naye Ayodhya kwa mume mwenye wake wengine. Usiku unapofika msomaji amekwisha kuwa upande wake. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu, na kama itakavyoonekana, ndipo penye kasoro yake pia.

Wengi wanaoisifu riwaya hii husema kwamba Patel amempa Kaikeyi utoto ambao Valmiki, mtunzi wa utenzi, alimnyima. Kauli hiyo si sahihi kabisa. Valmiki aliutaja utoto huo, ila aliutia katika kinywa cha adui. Baada ya Kaikeyi kudai haki yake mbele ya baraza, Sumantra, mwendesha gari la mfalme na mshauri wake wa siku nyingi, anamgeukia na kumsimanga kwa habari za wazazi wake. Baba yake, mfalme Ashvapati, alijaliwa kuelewa lugha ya kila kiumbe, kwa sharti kwamba asimwambie mtu alichokisikia, akisema, atakufa. Siku moja, akiwa kitandani na mkewe, alisikia mlio wa kiumbe mmoja akacheka. Mke akadhani anachekwa yeye, akataka kujua sababu. Mfalme akamweleza kwamba kusema ni kufa. Mke akashikilia: ufe, usife, niambie, lakini usinicheke. Mfalme akamfukuza. Na wewe, anasema Sumantra, umemrithi mama yako.

Mtoto wa nyoka ni nyoka: hiyo ndiyo hoja nzima, na katika utenzi haijibiwi. Msomaji wa pwani atakuwa ameshtuka, kwa kuwa kisa hicho anakijua kwa njia nyingine. Kimo mwanzoni mwa Alfu Lela Ulela, pale waziri anapojaribu kumzuia binti yake Shahrazad asiolewe na sultani. Yumo mtu ajuaye lugha ya wanyama, yumo punda na ng'ombe, kimo kicheko, yumo mke anayetaka kujua. Ila humo jogoo ndiye anayetoa shauri, na mume anachukua fimbo. Kisa kimevuka nchi na bahari kikibadili nguo tu. Katika nchi zote hizo kimesimuliwa kutoka upande wa mtu aliyecheka. Hakuna aliyesimulia inakuwaje kuwa yule aliyelala ubavuni pake.

Patel naye hakumsimulia mke huyo, lakini alifanya jambo lililo karibu na hilo, nalo ndilo jambo bora kuliko yote katika kitabu chake. Amemchukua mtoto aliyebaki nyumbani. Amelichukua simango la Sumantra akalifanya jeraha, kisha akaliacha jeraha lisipone. Kaikeyi wa riwaya anaishi katika nyumba ambamo mama anaweza kuondolewa asubuhi kama mkeka uliochakaa, na mambo yakaendelea kama kawaida. Funzo analolipata hapo halitamki kwa maneno, bali linaonekana katika kila analolifanya baadaye: hakuna cheo cha mwanamke ambacho hakiwezi kufutwa kwa neno moja la mwanamume. Binti aliyejifunza hivyo, akiahidiwa na mumewe kwamba aombe haja mbili zozote naye atampa, hatazitumia ovyo. Ataziweka, kama watu wanavyozika fedha chini ya sakafu.

Haja hizo mbili si ubunifu wa Patel. Zimo katika utenzi: Dasharatha alijeruhiwa vitani, na Kaikeyi aliyekuwa pamoja naye akamtoa uwanjani akiwa hai. Wala si hizo tu. Liko jambo jingine, ambalo wasimulizi wengi hulipita kimya. Mbele kidogo katika kitabu cha pili cha Ramayana, Bharata anapomfuata Rama msituni kumsihi arudi, Rama mwenyewe anamwambia kwamba baba yao, alipomwoa Kaikeyi, alimwahidi mkwewe kuwa ufalme utakuwa ndiyo mahari ya binti huyo. Msomaji asome mara ya pili. Kwa maneno ya Rama mwenyewe, kiti kilikuwa kimekwisha ahidiwa kwa mwana wa Kaikeyi kabla Rama hajazaliwa. Mwanamke anayeitwa mwovu kuliko wote alikuwa akidai deni la mahari. Kwa watu wanaojua uzito wa mahari, na wanaojua ni wanawake wangapi huzikwa bila kulipwa, habari hiyo peke yake ilitosha kujenga riwaya nzima.

Patel hakuijenga juu ya msingi huo. Alichagua uchawi. Kaikeyi wake, akiwa bado mtoto, anagundua katika maandishi aliyokuwa akiyasoma na mama yake elimu ya kuziona nyuzi zinazowafunga watu wao kwa wao. Kila uhusiano una uzi wake, wenye unene na rangi yake. Akiuvuta kidogo uzi huo anaweza kumlainisha mtu, kumtia wazo, kumwondolea hasira. Akiuvuta mno unakatika, na mapenzi yanakatika nao. Jambo hili lingeweza kuwa mchezo wa kitoto, na mara mojamoja linakuwa hivyo. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili lina utamu ambao huenda mwandishi mwenyewe haujui, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kusema hivyo zamani. Watu huunga udugu na hukata udugu. Mfasiri atakayekileta kitabu hiki kwa Kiswahili hatakuwa na haja ya kubuni istilahi. Atakuta nyuzi zimo tayari katika usemi wa kila siku, zinangoja tu kuonekana kwa macho.

Na uchawi huo umefanya kazi kubwa pale ulipowekwa ndani ya ukewenza. Hapa riwaya inapumua. Kausalya, mke mkubwa, anamtazama mgeni kwa jicho baya. Uzi baina yao ni mwembamba, nao umetiwa sumu na kila mtu katika nyumba ile. Kaikeyi angeweza kuuvuta. Anajifunza polepole kwamba uzi unaovutwa haunenepi. Unaonenepa ni ule unaolishwa kwa kutembeleana, kwa ugonjwa uliouguzwa pamoja, kwa watoto waliolala mapajani pasipo kuuliza ni wa nani. Wake watatu wa Dasharatha, Kausalya, Kaikeyi na Sumitra, wanakuwa mashoga wa kweli. Waimbaji wa taarabu, ambao riziki yao ni kijembe cha mke mwenza, huenda wasimwamini Patel. Lakini nyumba za namna hiyo zimekuwako na bado ziko, na fasihi imezionea haya bila sababu.

Upungufu unaanza pale wake hao wanapotoka uani na kuunda baraza la kusikiliza mashtaka ya wanawake wa mji. Si kwamba wazo ni baya. Lugha ndiyo inayoharibika. Kaikeyi, aliyekuwa akisema kama mtu aliyelelewa kasrini, anaanza kusema kama mtoa mada kwenye warsha. Yeyote aliyewahi kufasiri taarifa za wafadhili ataitambua sauti hiyo mara moja: sentensi zilizonyooka, zisizo na kivuli, ambazo kila mtu mwema anakubaliana nazo na kila mtu mwovu anazipinga. Wanaozipinga ni mapadri na wazee wasiokuwa na la maana la kusema. Utenzi wa kale haukuwa mwema namna hiyo kwa wanawake, lakini haukumpa mtu yeyote ushindi rahisi katika mabishano.

Kisha anakuja Rama. Katika Ramayana Rama ni kielelezo cha mwana, mume na mfalme, na kwa mamilioni ya waumini ni mungu aliyevaa mwili. Katika riwaya ni kijana aliyeguswa na miungu, mpole, mwenye kupendeza, aliyeingizwa kichwani na mwalimu wake kwamba wanawake wana mahali pao na hapo ndipo wakae. Kaikeyi aliyemlea, na anayempenda kama wa tumbo lake, anaona kwamba kijana huyo akipewa kiti mapema ataleta vita na dhuluma. Basi anamtoa. Anazifukua zile haja mbili alizozizika, anazitumia ili mtoto akakomae mbali na kiti. Kitendo kilekile cha utenzi, sababu nyingine kabisa.

Wapo Wahindu walioudhiwa na sura hiyo ya Rama, na maudhi yao hayafai kudharauliwa na mtu asiyeshiriki imani yao. Lakini kusema kwamba kisa kina sura moja tu ni jambo jingine. A. K. Ramanujan, mshairi na mfasiri, aliandika makala mashuhuri juu ya wingi wa Ramayana zilizoko, na makala hiyo ikaondolewa katika muhtasari wa masomo wa Chuo Kikuu cha Delhi mwaka 2011 baada ya ghasia. Makala iliondoka, wingi ukabaki. Na katika wingi huo, kumtetea Kaikeyi ni kazi ya zamani. Katika tamthilia ya Pratima, inayonasibishwa na Bhasa, Kaikeyi anaeleza kwamba alikusudia kusema siku 14, ulimi ukateleza kwa fadhaa ukasema miaka. Bhavabhuti alidai kuwa aliyeleta ujumbe ule hakuwa mtumishi wake bali ni jini la kike lililojigeuza. Tulsidas, aliyeanza utungo wake mwaka 1574, aliwatwisha lawama miungu wenyewe: walimtuma Saraswati akapotoe akili ya yule mtumishi, ili Rama afike msituni na kumwua Ravana. Mnamo mwaka 1931 Maithili Sharan Gupt, katika Saket, alimsimamisha Kaikeyi mbele ya watu akijuta kwa kinywa chake mwenyewe.

Kila mmoja wa hao alimwondolea Kaikeyi hatia kwa namna fulani. Tofauti ni kwamba walipoiondoa kwake waliitupa mbali, kwa jini, kwa mungu, kwa ulimi. Patel ameiondoa kwa mama akaiweka juu ya mwana. Hapo ndipo kasoro ya kitabu, nayo ni kasoro ya usanii kabla ya kuwa ya jambo lolote jingine. Riwaya iliyoanza kwa kukataa hoja ya kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, riwaya iliyotuomba tumtazame mtu aliyelaaniwa hadi tuone alivyoumia, inapofika zamu ya Rama haina subira hiyo. Hatupewi utoto wake kama tulivyopewa wa Kaikeyi. Tunapewa maoni yake. Mwandishi aliyefungua shauri la mtu mmoja amefunga la mwingine bila kusikiliza upande wake, na ushahidi alioutumia ni uleule uliotumika dhidi ya Kaikeyi: alivyolelewa, na nani aliyemnong'oneza.

Kuna hasara ya pili, ngumu zaidi kuieleza. Katika Valmiki, Manthara mtumishi anapopanda darini na kuuona mji umepambwa, akashuka mbio kumpa bibi yake habari ya kutawazwa Rama, Kaikeyi anafurahi. Anafurahi kweli. Anamtunza Manthara kito kwa habari njema hiyo, na kusema kwamba kwake Rama na Bharata ni sawa. Manthara analitupa tunzo chini, anasema: utakuwa kijakazi wa Kausalya, na mwanao atakuwa mtumwa wa mwanawe. Wanajadiliana. Na katikati ya majadiliano hayo, mahali ambapo hakuna msomaji anayeweza kuwekea kidole, mwanamke mwema anageuka. Mara anakisifu kibiongo cha Manthara na kuahidi kukivika dhahabu. Mtu anataka kucheka, kisha anaogopa. Hakuna maelezo yanayotosha. Mahari yapo, mama aliyefukuzwa yupo, wivu upo, hofu ya mtoto aliye safarini kwa mjomba wake ipo. Yote yapo, na bado hayafikii kitendo chenyewe. Pengo hilo dogo ndilo limewafanya washairi wa karne zote warudi kwenye chumba kile.

Patel amelijaza. Amelijaza kwa bidii na kwa huruma, kurasa kwa mamia, kiasi kwamba usiku unapofika si usiku tena. Ni hatua ya mwisho ya hesabu ambayo msomaji amekwisha ifanya. Kaikeyi haingii chumbani kwa ghadhabu. Anaingia kwa hoja. Kinachobaki kumwokoa asiwe sanamu la hoja ni mapenzi yake kwa kijana anayemfukuza, na katika kurasa hizo chache, anapoutazama uzi baina yake na Rama akijua kitakachoupata, riwaya inarudi mahali ilipoanzia, kwa mtoto aliyeambiwa kwamba mama ameondoka. Sasa yeye ndiye anayemwondosha mtu. Mwandishi angekaa hapo kwa muda mrefu zaidi, kitabu kingekuwa kikubwa.

Pamoja na hayo ni kitabu cha kusomwa, na cha kusomwa na watu wa pwani hasa, ambao wana deni la aina hiyo nyumbani. Yule kijana aliyemchoma baba yake Liyongo kwa sindano ya shaba, kwa tamaa ya kuozwa binti wa mfalme, tunamjua kwa kitendo chake na kwa adhabu yake. Alilelewa vipi, katika nyumba ya shujaa aliyekuwa akiwindwa kila siku, hakuna utenzi uliojaribu kusema. Atakayejaribu atafaidika na mema ya Patel, na atafaidika zaidi na pale alipoteleza.

Limebaki la Manthara. Katika riwaya amesafishwa naye: si mchochezi tena, ni mlezi mwenye huruma, aliyemfuata Kaikeyi kutoka kwao na kumpenda kuliko nafsi yake. Ni picha nzuri, na inatia shaka kwa uzuri wake huo. Malkia amepewa baba, mama, ndugu, ndoto na elimu ya siri. Mtumishi amepewa mapenzi kwa malkia, basi. Hatuambiwi alimwacha nani Kekaya siku alipopandishwa garini kumfuata bibi yake kwenye ndoa. Pwani hii imewajua wanawake wengi waliofuatana na mabibi zao namna hiyo, pamoja na masanduku na vyombo, na haiwezi kulipita jambo hilo bila kulitazama.

Valmiki, ambaye hakumpenda Manthara, alimtazama. Dasharatha alipokwisha kufa na Rama kuondoka, mtumishi huyo alitokea mlangoni amejipamba kwa vito alivyotunzwa. Shatrughna akamkamata akamburura sakafuni, hata Bharata akamzuia, akisema kwamba Rama hatawasamehe wakimwua mwanamke. Katika kubururwa huko vito vilimkatika mwilini vikatapakaa, na mtunzi anasema kwamba sakafu ya kasri ilimetameta kama mbingu, wakati mwanamke mwenye kibiongo akipiga kelele.